Choo kimeinuliwa, bajeti imefungwa

Ardhi ya Goma, mji wa mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, haichimbiki kirahisi. Chini ya udongo mwembamba kuna mwamba wa volkano, na kwingine hata udongo huo haupo. Ndiyo maana vyoo vya dharura kwenye maeneo ya wakimbizi wa ndani hujengwa juu ya jukwaa: kuta fupi za mawe au nguzo za mbao, tangi au shimo fupi chini yake, ngazi mbele. Tuchukue jukwaa la sentimita 80. Kipimo kinachotumika duniani kwa rampu, yaani njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu, ni 1 kwa 12, yaani kila sentimita 1 ya kupanda inadai sentimita 12 za urefu. Sentimita 80 mara 12 ni mita 9.6. Ukiongeza sehemu bapa ya mita 1.5 mlangoni, pa kugeuzia kiti, na nyingine katikati ya kupumzikia, rampu nzima inapita mita 12.

Kisha angalia jinsi gharama za choo cha namna hiyo zinavyoandikwa mara nyingi: mbao kadhaa, kilo chache za misumari, mfuko wa saruji, siku mbili za fundi. Fundi akipewa mbao za kutosha mita 2.5, atajenga mita 2.5. Mteremko unakuwa zaidi ya 1 kwa 4, na mwenye kiti akijaribu kupanda peke yake anapinduka kinyumenyume. Kwenye ripoti inaandikwa kwamba choo kinafikika, na picha inapigwa kutoka mbele, upande ambao mteremko hauonekani.

Fundi hana kosa, na hata msimamizi wa eneo hana kosa kubwa. Jambo lilikwisha miezi mingi kabla, Nairobi au Brussels au Geneva, siku mtu alipojaza jedwali la gharama la andiko la mradi. Ushirikiano wa kimataifa kuhusu ulemavu huzungumzwa kama suala la mikutano, maazimio na urafiki kati ya mashirika. Mimi naona unafaulu au kufa kwenye jedwali hilo. Kwa shirika la watu wenye ulemavu la Goma, swali la maana ni kama liliulizwa kabla jedwali halijafungwa. Kualikwa kwenye warsha ya uzinduzi hakubadilishi jedwali hilo.

Gharama si kisingizio. Makadirio yanayotumiwa katika miongozo ya kazi za kibinadamu yanasema kwamba ufikikaji wa majengo, pamoja na maji na vyoo, huongeza kati ya asilimia 0.5 na 1 ya bajeti ukipangwa tangu mwanzo, na vifaa maalumu pamoja na vya kutembelea huhitaji asilimia 5 hadi 7. Kurekebisha baadaye ndiko ghali, maana unavunja kilichokwisha kulipiwa.

Goma ina bahati moja hapa. Mawe ya volkano yapo kila kona na waashi wa mji wanajua kuyapanga. Kuta mbili za mawe, changarawe katikati, saruji nyembamba juu iliyokwaruzwa kwa ufagio ili isiteleze mvua ikinyesha: rampu ya hivyo inadumu kuliko ya mbao, na ikikunjwa mara mbili inaingia mahali pafinyu. Pembeni pawe na kizuizi cha chini ili gurudumu lisichomoke. Mlango uwe na upana wa sentimita 90 na ufungukie nje; ukifungukia ndani unakula nafasi ya kugeuzia, ambayo ni duara la mita 1.5. Kiti cha choo kiwe kwenye urefu wa sentimita 45 hadi 50. Vyuma vya kushikia vifungwe kwenye nguzo, maana chuma kilichoning'inizwa kwenye turubai ni mtego tu. Na njia ya kutoka kibandani hadi chooni isafishwe mawe makali, kwa sababu rampu nzuri inayoanzia katikati ya kokoto haina wa kuipanda. Mtumiaji mmoja wa kiti akiitwa kwa nusu siku wakati wa kuchora, haya yote atayasema bila kusoma mwongozo wowote.

Sheria iko upande wake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006, na Kongo ikajiunga nao Septemba 2015. Ibara ya 32 inataka ushirikiano wa kimataifa, pamoja na miradi ya maendeleo, uwajumuishe watu wenye ulemavu na uwe unafikika kwao. Ibara ya 4, kifungu cha 3, inataka serikali ishauriane nao kwa karibu kupitia mashirika yao wenyewe. Mwaka 2018 Kamati inayosimamia mkataba ilitoa Maoni ya Jumla namba 7, na humo ikatenganisha waziwazi mashirika ya watu wenye ulemavu, yanayoongozwa nao, na mashirika yanayotoa huduma kwa ajili yao. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa Goma na Bukavu. Vituo kama Shirika la Umoja hapa Goma na Heri Kwetu kule Bukavu vimefanya kazi kubwa ya viungo bandia na tiba ya viungo, vikisaidiwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Lakini kumwita mkurugenzi wa kituo si kumwita kiziwi wa mtaa wa Majengo wala mama mwenye mtoto asiyeweza kukaa wima. Mfadhili aliyezungumza na kituo peke yake bado hajashauriana na wenyewe.

Kongo ina pia sheria yake ya tarehe 3 Mei 2022 kuhusu ulinzi na uendelezaji wa haki za watu wanaoishi na ulemavu. Umoja wa Afrika una itifaki yake iliyopitishwa Januari 2018 na kuanza kufanya kazi 2024. Hati hizi hazimwagi saruji. Kazi yake ni kumpa katibu wa chama kidogo namba ya ibara ya kuandika kwenye barua, na barua yenye namba ya ibara hujibiwa na mtu mwingine kabisa kuliko ile inayoanza na "tunaomba msaada".

Kuna silaha nyingine ambayo vyama vyetu haviitumii. Tangu 2018 Kamati ya Misaada ya Maendeleo ya OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, ina alama ya ulemavu ambayo nchi wafadhili huweza kuuwekea kila mradi: 2 ikiwa ujumuishi ndilo lengo kuu, 1 ikiwa ni lengo muhimu kati ya mengine, 0 ikiwa haumo. Aprili 2025, kwenye Mkutano wa Dunia wa Ulemavu uliofanyika Berlin chini ya uenyeji wa Ujerumani na Yordani, likatolewa azimio linalotaka angalau asilimia 15 ya miradi ya misaada katika ngazi ya nchi iwe na ujumuishi kama lengo. Kwa hiyo mradi wa maji au wa shule unapotangazwa Kivu ya Kaskazini, swali la kuuliza ofisi ya mfadhili ni fupi: mradi huu umepewa alama gani? Ukijibiwa 1, omba kuona ni shughuli gani na mstari upi wa bajeti unaoistahilisha. Alama ya 1 isiyo na mstari wa fedha ni rangi tu.

Kuhesabu watu nako kunaharibika kabla hakujaanza. Mwandikishaji anafika mlangoni na kuuliza, "Kuna mlemavu hapa?" Mwenye nyumba anafikiria mtu asiye na mguu, anajibu hapana, na bibi aliyelala chumbani asiyeona vizuri hahesabiwi. Shirika la Afya Duniani linakadiria asilimia 16 ya watu duniani wana ulemavu mkubwa. Orodha za mlangoni za aina hii haziwezi kukaribia hapo. Maswali ya Kundi la Washington, kundi la takwimu za ulemavu chini ya Umoja wa Mataifa, ni sita: kuona, kusikia, kutembea au kupanda ngazi, kukumbuka na kuwa makini, kujihudumia kama kuoga na kuvaa, na kuwasiliana. Majibu ni manne, kuanzia "hakuna shida" hadi "siwezi kabisa", na anayejibu "shida kubwa" au zaidi kwenye swali hata moja ndiye anayehesabiwa. Neno ulemavu halitamkwi kabisa. Makosa yanayorudiwa ni matatu: mtu mmoja kuwajibia wote wa nyumbani, mwandikishaji kufupisha majibu yawe ndiyo na hapana, na maswali hayo kutumiwa kwa watoto wadogo, ambao wana moduli yao iliyoandaliwa pamoja na UNICEF. Tena maswali sita hayashiki wasiwasi na huzuni nzito, jambo zito katika mji uliopita katika haya tuliyopitia. Anayetaka kuyajua hayo atumie seti ndefu zaidi.

Baada ya kuhesabu, orodha inakaa wapi? Februari 2025, wiki chache baada ya waasi wa M23 kuingia Goma, kambi za Bulengo na Lushagala zilivunjwa ndani ya siku chache na watu wakatawanyika. Orodha yenye majina, aina ya ulemavu na mahali pa mtu ni hatari ikiwa mikononi mwa asiyestahili, na haina kazi ikiwa kwenye kompyuta iliyoko Ulaya wakati watu wameshahama. Mkataba wa ushirikiano useme nani anaitunza, wapi, kwa muda gani, na nani anaruhusiwa kuifuta.

Kujua nani yuko wapi kunahitajika pia volkano inapolipuka. Alfajiri ya tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, amri ilitolewa kuhamisha watu wa kartye (mitaa) kumi za mji, na habari ikaenda kwa redio, kwa simu na kwa mdomo. Kiziwi hasikii redio, na asiyepata shule hasomi ujumbe wa Kifaransa. Wataalamu kutoka nje wakija na mpango wa tahadhari hupenda kuanza na programu ya simu. Umeme ukikatika na mtandao ukizidiwa, kinachobaki ni jirani aliyepangwa mapema, anayejua mlango gani wa kugonga na ishara tatu nne za mkono. Mpango wa hivyo hautaki fedha nyingi. Unataka mtu wa kuufanyia zoezi kila mwaka, na mazoezi ndiyo yanayokatwa kwanza bajeti inapobana.

Tufike kwenye viti vya magurudumu, mahali ambapo nia njema imeharibu vitu vingi. Kontena la viti vilivyotumika linatoka Ulaya: viti vya hospitali vya kukunja, magurudumu madogo ya mbele, vilivyotengenezwa kwa sakafu laini. Kwenye barabara ya mawe ya volkano gurudumu la mbele linanasa kwenye ufa wa kwanza, uma wake unapinda, na baada ya muda mfupi kiti kinakuwa cha kuanikia nguo. Kiti kinachofaa Goma kina gurudumu kubwa la mbele lililowekwa mbali na la nyuma, mara nyingi moja badala ya mawili, na magurudumu ya nyuma yanayokubali tairi na mpira wa ndani wa baiskeli unaouzwa soko la Virunga. Beringi ziwe za ukubwa wa kawaida wa sokoni. Kipuri kinachoagizwa kwa ndege ni kipuri kisichokuwepo, kama ilivyoonekana uwanja wa ndege wa Goma ulipofungwa Januari 2025.

Lakini hata kiti kizuri hakitoshi kikigawiwa kama gunia la mchele. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2008 ulitaja hatua nane za huduma: kumpokea mtu na kumpangia siku, kumpima, kuchagua kiti, kutafuta fedha na kuagiza, kukiandaa, kumlinganisha nacho, kumfundisha, kisha kufuatilia na kutengeneza. Ugawaji wa hadhara wenye kamera hutimiza mbili au tatu. Kinachoumiza zaidi ni mto wa kukalia. Mtu aliyeumia uti wa mgongo kwa risasi au ajali hahisi makalio yake. Akikaa kutwa nzima juu ya kitambaa kilicholegea anapata kidonda, kidonda kinafika mfupani, na mtu anakufa kwa maambukizi. Mto wa sponji ngumu uliochongwa kulingana na mwili wake, pamoja na mafunzo ya kujiinua mara kwa mara, unaokoa maisha kwa gharama ndogo kuliko sherehe ya ugawaji. Shirika la Ulaya linalotaka kusaidia litume fedha za mtaalamu wa kupima, sponji na karakana. Likitaka lazima kutuma viti, lilipie pia matengenezo ya miaka miwili na ushuru wa njiani, kwa sababu mzigo unaopitia Mombasa au Dar es Salaam hadi Goma una karatasi nyingi.

Mikutano ya mtandaoni nayo ni sehemu ya ufikikaji, ingawa wanaoiandaa huona imeshafikika kwa kuwa hakuna ngazi za kupanda. Viziwi wa Kongo wengi wanatumia lugha ya alama iliyokua kutoka shule ambazo Andrew Foster, Mmarekani kiziwi, na wanafunzi wake walizianzisha Afrika kuanzia 1957 kule Accra. Mkalimani wa Ishara za Kimataifa aliyeko Geneva hawasaidii sana. Wanahitaji mkalimani wao, na kwa mkutano mrefu wawili wanaopokezana kila baada ya dakika 20 au 30, maana mmoja akichoka anaanza kufupisha. Mtandao ukiwa dhaifu, wote wazime video isipokuwa wakalimani na msemaji. Kwa wasioona, hati zitumwe siku kumi kabla, zikiwa maandishi halisi yenye vichwa vilivyowekwa kwa mitindo ya programu. Hati iliyopigwa skani ni picha tupu kwa programu ya kusoma skrini. Programu ya aina hiyo iitwayo NVDA inapatikana bure, na sauti ya eSpeak inayokuja nayo ina Kiswahili: inakwaruza masikio, lakini inasomeka.

Kuhusu fedha nitasema machache. Mwaka 2016, Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufikia 2020 asilimia 25 ya fedha za kibinadamu zingewafikia wahusika wa nchi zenyewe kwa njia fupi iwezekanavyo. Haikufika. Chama cha Goma kikitaka ruzuku kinaulizwa hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu, akaunti ya benki, mwongozo wa manunuzi. Benki za Goma zilifunga milango mwaka 2025, kwa hiyo hata aliyekuwa na akaunti alirudi nyuma. Shirika la kati, linalopokea fedha na kuzipitisha, linapata mara nyingi asilimia 7 kwa ajili ya gharama za uendeshaji. Chama chenyewe kinapata fedha za shughuli tu, bila pango, bila umeme, bila mshahara wa mhasibu, kisha mwaka unaofuata kinaambiwa hakina uwezo. Ombi la haki ni kwamba asilimia hiyo igawanywe, na iandikwe kwenye mkataba.

Ila tusijifiche nyuma ya wafadhili. Yapo mashirika ya mkobani: mwenyekiti mmoja, muhuri mmoja, wanachama wasiojua kwamba ni wanachama. Miavuli yetu, yaani mashirikisho ya vyama, inaongozwa zaidi na wanaume wenye ulemavu wa miguu, waliosoma Kifaransa. Wasioona wana sauti kidogo, viziwi chini yao, na wenye ulemavu wa akili au wa kisaikolojia hawamo kabisa ndani ya chumba. Watu wenye ualbino huitwa siku yao ya Juni na kusahauliwa Julai. Mgeni anayekuja na fedha akikuta vyama vitatu vinavyogombana, humchagua anayeandika barua pepe vizuri, na sote tunajua huyo ni nani. Kabla ya kumdai mfadhili ashauriane nasi, miavuli ya Goma na Bukavu ionyeshe orodha ya wanachama wake na tarehe ya uchaguzi wa mwisho.

Jambo la mwisho ni upande tunaotazama. Tumezoea kuelekea kaskazini, kwa Kifaransa na Kiingereza, na kusubiri. Mashariki yetu kuna miavuli ya vyama vya watu wenye ulemavu: SHIVYAWATA ya Tanzania, UDPK ya Kenya, NUDIPU ya Uganda iliyoanza 1987, NUDOR ya Rwanda. Baadhi yao wamekwisha kubishana na serikali zao juu ya bajeti, viti bungeni na ripoti za Geneva, na wengi wanaweza kutufundisha kwa Kiswahili, bila mkalimani wa kulipwa kwa saa. Mkufunzi wa kuandika ripoti kivuli, ile ambayo vyama huipeleka kwa Kamati ya mkataba kando ya ripoti ya serikali, akitoka Dar es Salaam hahitaji kufasiriwa chochote, na mwanachama wa Kituku, hapa Goma, asiyejua Kifaransa anaelewa kila neno.

Tena ushirikiano wa mpakani upo tayari, ila hauna karatasi. Kwa miaka mingi watu wenye ulemavu wamevuka kituo cha mpakani cha Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi ya Rwanda, na baiskeli za miguu mitatu zilizojaa mizigo, nyuma wakisukumwa na vijana. Vita na siasa vimeufanya mpaka huo kuwa mchungu, na sidhani kama mkutano wa vyama vya pande mbili ungekuwa rahisi leo. Kazi ya ufundi lakini inawezekana. Watu wawili wa kila upande wapime lango kwa futi kamba, walinganishe na upana wa baiskeli ikiwa na mzigo. Waangalie mteremko wa njia, choo kilipo, mahali mtu anaposhushwa kukaguliwa na kama pana kiti cha kukalia wakati baiskeli yake inapekuliwa. Waone kama bei za ushuru zimebandikwa kwenye urefu unaosomwa na aliyeketi, na nani anamsomea asiyeona. Kongo imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, kwa hiyo nakala moja iende kwa forodha ya kila upande na nyingine Arusha, makao makuu ya Jumuiya, ikiwa na vipimo, na ikiwa na gharama ya kila marekebisho iliyojazwa na wao wenyewe.